Mguu wa Mwenye Ardhi

Tarehe mbili Novemba mwaka jana, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu, tulimpoteza mzee tuliyemwita Papa Chasseur, yaani Papa Mwindaji. Alifia hospitalini Woluwe, mchana, wakati muuguzi ametoka kubadilisha maji ya maua ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Msitu wetu tulikuwa tumeupoteza mwaka mmoja kabla yake. Watu wa Matonge, mtaa wetu wa Waafrika hapa Brussels, huyachanganya mambo hayo mawili na kusema kwamba msitu ndio uliomuua. Si kweli. Ilikuwa figo, na zilianza kumsumbua zamani, kabla hata hajajua kama msitu ule upo.

Mimi ni msusi. Nina kiti changu katika saluni moja ndani ya Galerie d'Ixelles, karibu na mlango wa nyuma ambako upepo unaingia. Yeye alikuwa akija kukaa chini ya ile mashine ya kukaushia nywele iliyoharibika, kwa sababu hakuna mteja aliyeitaka. Alikuwa amestaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Alikuja na gazeti la jana, kwa vile la leo, alisema, bado lina hasira. Mume wangu alipokuwa hai alikuwa mmoja wa wale wanaume saba waliowinda naye. Mume wangu alipofariki nilibaki na gari lake kubwa la mizigo, na wale sita wakabaki bila dereva. Kwa hiyo nikaendelea kuwaendesha. Hakuna aliyeniomba. Jumamosi moja walikuja na mabuti yao, wakapanda.

Naanza na tabia zake, kwa sababu bila tabia zake habari ya msitu haieleweki.

Hakuwahi kula kitu kabla ya kutenga fungu la mwenye kitu. Ukimpikia kwenye sufuria ya kuazima, kipande cha kwanza kilikuwa cha mwenye sufuria, hata kama mwenye sufuria yuko Liège na hatakuja wiki hiyo. Kipande kilifungwa kwenye karatasi ya alumini na kuwekwa kwenye friji. Siku moja jirani yangu wa juu, dada mmoja wa Bukavu, aliniazima meza kwa ajili ya misa ya mwaka ya mume wangu. Jioni alishuka kuichukua akakuta mzee amesimama mlangoni ameshika paja la kuku.

"Hii njo ya meza," Papa akamwambia.

"Papa, meza inakulaka kuku?"

"Meza hapana. Weye mwenye meza."

Yule dada alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Lakini paja alikula, na tangu siku ile hatukupata shida ya meza.

Aliniambia kwamba kwao, kaskazini ya Katanga, mwindaji hapiti kwenye pori la mtu mwingine bila kujulisha, na akipata mnyama, mguu mmoja wa nyuma ni wa mwenye pori. Haijalishi kama mnyama amekufa hatua kumi nje ya pori lake. Alipita kwako, basi. Mguu hauombwi na haukatwi bei. Mwindaji asiyetoa mguu, bunduki yake inaanza kukosa. Nilimuuliza kama kweli anaamini habari ya bunduki kukosa. Alifikiri kidogo.

"Bunduki, sijui. Lakini muntu asiyetoa mguu, batu banaacha kumusalimia. Na muntu asiyesalimiwa, mukono inatetemeka."

Mtu huyo huyo aliyeheshimu mipaka ya kila mtu hakuwahi kuheshimu taa za barabarani hata mara moja. Pale Porte de Namur alivuka wakati wowote, taa nyekundu, basi linapiga honi, wanawake tunapiga kelele. Nikamwambia, Papa, unatoa mguu kwa mwenye meza lakini taa ya serikali unaidharau. Akasema taa si mtu, haina shamba, na haijawahi kumwambia karibu. Nilikasirika, kwa sababu mara ile nilikuwa nimemshika mkono na tungekufa wawili.

Tena, aliweza kupasua nguruwe mwitu kuanzia koo mpaka mkia bila kuchafua mkono wa shati, lakini panya wa nyumbani hakuweza kumuua. Alimtega kwenye sanduku la viatu, akampeleka kwenye mabwawa ya Ixelles ndani ya tramu, sanduku mapajani. Panya hana bunduki, alisema. Nilimjibu kwamba hata nguruwe hana. "Nguruwe eko na meno," akasema, akageuza ukurasa wa gazeti.

Mtihani wa kibali cha kuwinda aliufanya mara mbili. Hapa Ubelgiji huruhusiwi kushika bunduki msituni bila kupita mtihani, wa kuandika na wa vitendo. Mara ya kwanza aliulizwa jambo la kwanza ambalo mwindaji anafanya baada ya mnyama kuanguka. Akajibu kwamba anashukuru. Jibu lilikuwa kuondoa risasi kwenye bunduki. Wakamwangusha, na yeye mwenyewe alikubali kwamba walifanya vizuri, kwa sababu mtu anayeshukuru na bunduki iliyojaa anaweza kumshukuru jirani yake tumboni. Mara ya pili alijibu risasi kwanza. Alipotoka nje ndipo aliposhukuru, kwa sauti, kwenye maegesho ya magari.

Sasa msitu.

Kule kusini, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Brussels, kuna komuni moja ndogo, yaani halmashauri ya mji, ambayo ina misitu yake. Komuni hukodisha haki ya kuwinda, na mwenye kukodi anawinda yeye na wenzake. Misitu mizuri huchukuliwa na watu wenye vyeo. Huo mmoja haukutakwa na mtu. Siku ya mnada hakuna aliyenyoosha mkono isipokuwa Tonton Président. Huyu ni mwenye duka la samaki wakavu hapa Matonge, na tulimwita hivyo kwa sababu kila chama anachoingia anataka kuwa rais wake. Alirudi anaimba. Wiki iliyofuata tulikwenda kuutazama msitu, ndipo tukajua kwa nini wenyeji waliutazama mnada ule wakiwa wamefunga mikono.

Chukua kitambaa cha mkononi, ukikunje mara mbili, kisha ukifungue. Utaona vipande vinne vinavyokutana katikati kwenye nukta moja. Kipande cha chini kushoto kilikuwa cha komuni: uwanja wa nyasi, barabara inaufikia, kuna meza ya mbao ambapo mtu yeyote anaweza kukaa kula. Kipande cha juu kulia ndio msitu wetu, wa komuni pia. Lakini vile viwili vingine, juu kushoto na chini kulia, vilikuwa vya bwana mmoja, na pande nyingine zote za msitu zilizungukwa na mashamba yake. Alikuwa amepanda misonobari, mistari iliyonyooka kama nywele zilizogawanywa kwa kitana. Katikati, pale vipande vinne vinapokutana, palikuwa na jiwe la mpaka, fupi, lina kuvu upande mmoja. Msitu wa umma na uwanja wa umma viligusana kwenye jiwe lile tu. Njia nyingine haikuwepo.

Tonton Président alilitazama jiwe, akatutazama sisi.

"Bon. Tumekodi nyumba ya dirisha bila mulango."

Papa Chasseur alizunguka jiwe kwa macho tu, bila kusogea. Kisha akavua kofia, akaita, "Hodi!" Akangoja. Akaita tena, na mara ya tatu. Ndege mmoja aliruka. Akainua mguu wa kulia kutoka nyasi za komuni, akaupitisha juu ya jiwe, akauweka kwenye majani ya komuni. Akavuta wa kushoto. Alikuwa upande wa pili. Miguu yake haikugusa ardhi ya mtu.

"Voilà," akasema. "Mulango ni kadogo, lakini iko."

Wote walipita vile, mmoja mmoja, bunduki zimefunguliwa na kushikwa kichwa chini. Mume wangu alikuwa mnene, alishikilia matawi asianguke. Kila Jumamosi ya kuwinda, kwa miaka kadhaa, Papa alikuwa wa kwanza kufika kwenye jiwe, na kila mara alivua kofia na kupiga hodi mara tatu. Mimi nilibaki kwenye meza ya mbao na sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikisikia sauti yake. Wengine walimcheka. "Papa, unapigia miti hodi?" Alisema hapigii miti, anampigia mwenye miti, na kama mwenyewe hasikii hilo ni shauri la masikio yake.

Msimu ule wa kwanza alipiga nguruwe mwitu jike. Wakamgawa kwenye meza. Kabla mtu hajachukua chochote, Papa akakata mguu mmoja wa nyuma, akaufunga kwa kitambaa cheupe safi, kitambaa cha kanisani kabisa, akaenda akautundika kwenye nguzo ya uzio wa bwana wa misonobari. Akarudi akanawa mikono.

Bwana yule aliukuta asubuhi. Siku ile bado hatukumjua. Tulikuja kujua baadaye kwamba aliupiga picha, akawaita polisi, akawaambia watu wa kijijini kwamba Waafrika wamemtundikia nyama kwenye uzio ili kumtisha. Polisi alifika Matonge mpaka kwenye duka la samaki. Tonton Président alipomaliza kueleza, alikuja mbio saluni akiwa na koti la duka, linanuka ndagala.

"Papa! Ule muzungu anafikiri tunamuloka, tunamufanyia uchawi!"

"Nani anamuloka? Nimemupa mguu."

"Umemupa mguu ya nyama ndani ya kitambaa nyeupe, saa ya giza, bila kusema kitu! Hata mi ningekimbia!"

Wateja wote walicheka, na mimi pia. Papa hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kama ni hivyo, mara nyingine atautundika mchana. Na ndivyo alivyofanya. Kila nguruwe, kila paa, mguu mmoja wa nyuma, kitambaa cheupe, mchana kweupe. Yule bwana hakuwahi kusema asante wala hapana. Mara nyingine kitambaa kilibaki kimetundikwa peke yake kimekauka, na hatukujua kama nyama imeliwa na mtu au mbweha.

Kisha bwana yule akaweka mnyororo. Nguzo mbili za chuma, moja kila upande wa jiwe, kila moja ndani ya ardhi yake kabisa, na mnyororo katikati unaopita juu ya jiwe kwa kimo cha kiuno. Wanaume walisimama mbele yake kama watu waliokuta maiti barabarani. Papa akavua kofia, akapiga hodi, akainua mguu juu sana, mzee wa umri ule, akauvuka mnyororo. Wengine wakamfuata. Baada ya majuma machache zikaja karatasi za mahakama. Zilikuwa na jina la Papa peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeonekana wa kwanza siku zote.

Kesi ilikwenda kwa hakimu wa amani wa kule, ndiye anayeamua mambo ya majirani. Wakili wetu alikuwa msichana wa familia ya Goma aliyezaliwa hapa, ambaye nilimsuka akiwa bado shule ya msingi. Tulimwita Maître, naye bado aliniita Mama Tresse, yaani Mama Misuko. Alitueleza hivi: bwana wa misonobari anasema ardhi yake haiishii kwenye majani, inapanda juu, na mtu anayevuka pale kwenye jiwe, hata miguu yake ikiwa ya kisheria, mabega yake yanapita hewani mwake. Maître alisema hoja hiyo ni nyembamba na hakimu anaweza kuikataa. Tatizo, alisema, ni mguu.

"Mguu gani?" Tonton Président akauliza.

"Wa nyama. Wakili wao atasema: huyu mzee mwenyewe alikuwa akilipa ili apite. Na anayelipa anakubali kwamba anapita kwa mtu. Akishakubali, siyo haki tena, ni hisani, na mwenye hisani anaweza kuiondoa."

Maître alipiga magoti mbele ya kile kiti chini ya mashine mbovu, akamshika Papa mikono yote miwili.

"Papa, mpaka kesi iishe, usitundike tena. Na hakimu akikuuliza, sema ilikuwa zawadi. Ujirani mwema. C'est tout, basi. Hata si uongo, Papa. Unatoaka zawadi kwa kila mutu."

"Zawadi natoaka kwa muntu ninayemupenda," Papa akasema. "Ule mguu nilikuwa natoa hata siku simupendi."

"Papa, je t'en prie, nakuomba."

Kuhusu kutundika, alimtii. Msimu ule walivuka bado, kwa sababu hakimu hakuwa ameamua, na Papa alipiga dume la nguruwe kubwa kuliko wote. Nyama ile ililiwa kwenye ubatizo wa mjukuu wa Tonton Président, watu walijaza ukumbi. Mguu haukutoka. Nilimpelekea Papa sahani, akaisogeza pembeni.

"Hii nyama haina mulango," akaniambia. "Iliingia kwa dirisha."

Alikula wali mtupu.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakutaka kuamua akiwa ofisini. Aliamuru wote wakutane kwenye jiwe. Nilikuwepo, kwa sababu niliwaendesha. Alikuja na mabuti ya mpira, na karani wake aliyeogopa matope. Ndipo nilipomwona bwana wa misonobari kwa karibu mara ya kwanza: mtu mzee kama Papa, mrefu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani. Walizungumza Kifaransa. Naandika nilivyoelewa.

Hakimu akamwomba Papa aonyeshe anavyovuka, akaagiza mnyororo ufunguliwe kwa muda. Papa akavua kofia. Akapiga hodi tatu.

"Unasema nini?" hakimu akauliza.

"Naomba kuingia."

"Kwa nani?"

Papa akamwonyesha bwana wa misonobari kwa kidevu. Bwana yule akatazama chini. Papa akavuka. Hakimu aliinama akatazama miguu, akasema, kwa karani, kwamba miguu imetoka ardhi ya umma na imetua ardhi ya umma. Nilimwona Maître anavuta pumzi. Tonton Président alinifinya mkono.

Kisha hakimu akasema, "Bwana, kama unapita kwenye ardhi ya umma, kwa nini unamwomba huyu ruhusa? Na ile miguu ya nyama, ilikuwa ya nini?"

Maître alimtazama Papa kwa macho ambayo ningeyaelewa hata ningekuwa kipofu.

Papa alisimama upande wa pili wa jiwe, kofia mkononi, mvua nyepesi inamlowesha kichwa.

"Miguu yangu inapita kwa komuni," akasema. "Mabega yanapita kwake. Nilitoa kwa sababu nilipita."

"Haikuwa zawadi?"

"Hapana, madame."

Nilisikia Tonton Président nyuma yangu akisema kwa sauti ya kunong'ona, "Anatuuza. Anatuuza na mguu ya nguruwe."

Hukumu ilifika baada ya muda. Hakimu alisema kwamba mzee hakukanyaga ardhi ya mtu na hana kosa la kuadhibiwa. Lakini kupita juu ya pembe ile kulikuwa kwa hisani ya mwenye ardhi, kama mzee mwenyewe alivyokiri, na hisani imeondolewa. Mnyororo unabaki. Komuni ikitaka njia ya kwenda msituni kwake, ijadiliane na jirani yake au iiombe kwa utaratibu wake. Komuni ilisema italitazama. Bado inalitazama. Msitu wa umma uko pale mpaka leo, na umma hauwezi kuingia.

Sijui kama Papa alifanya vizuri. Nimejiuliza sana. Kama angesema zawadi, nafikiri wanaume wale wangekuwa wanavuka mpaka leo, na mpaka leo ningekuwa napika kwenye ile meza. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote za wiki, na baada ya kumzika mume wangu ilikuwa siku pekee niliyosikia watu wakilitaja jina lake wakicheka, jinsi alivyoshikilia matawi. Hayo yote yaliondoka kwa sentensi moja ya mzee mmoja ambaye angeweza kunyamaza. Lakini pia namkumbuka akila wali mtupu ukumbini.

Tonton Président aliacha kumsalimia. Akipita mbele ya saluni aligeukia dirisha la viatu ng'ambo, kila siku viatu vile vile. Wengine wa kundi waliuza bunduki zao. Papa aliendelea kuja na gazeti la jana, lakini alikaa muda mfupi, na mkono ulikuwa unatetemeka anapogeuza ukurasa. Daktari alisema ni figo. Mimi nilikumbuka maneno yake kuhusu mtu asiyesalimiwa, lakini daktari ndiye aliyesoma.

Oktoba mwaka jana alikuwa tayari amelazwa Woluwe, kule kule alikofua mashuka miaka yote. Alikagua pindo la shuka lake siku ya kwanza na kusema wa siku hizi hawapigi pasi vizuri. Jumamosi moja walimruhusu kutoka mpaka jioni. Nilimfuata na gari. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amevaa koti lake la kuwindia, na kwenye mapaja kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amemtuma mpwa wake kwa mchinjaji anayeuza nyama za porini. Mguu wa nyuma wa nguruwe mwitu. Nilitaka kuuweka nyuma ya gari, akakataa. Aliupakata njia nzima.

"Papa, tunaenda wapi?"

"Unajua."

Uwanja wa nyasi ulikuwa umelowa. Alitembea polepole, mimi nikashika kiwiko chake. Mnyororo ulikuwepo, umeanza kupata kutu. Alivua kofia, akapiga hodi. Sauti yake ilikuwa ndogo, nafikiri haikufika hata mstari wa kwanza wa misonobari. Akapiga ya pili. Kabla ya tatu, mbwa alibweka, na bwana wa misonobari akatokea kati ya miti ameshika msumeno mdogo wa kukatia matawi.

Alitutazama, akatazama kitambaa.

"Nilifikiri mambo haya yamekwisha," akasema.

"Yamekwisha, monsieur. Huu ni wa msimu wa kesi. Nilipita, nikapiga nguruwe, sikukuletea. Walinikataza."

"Kwa hiyo msimu ule wewe ulipita."

"Nilipita."

"Unajua naweza kukushtaki tena kwa hilo."

"Najua."

Mbwa alinusa hewa upande wa kitambaa. Kisha bwana yule akaweka msumeno chini, akanyoosha mikono juu ya mnyororo, na Papa akampa mguu. Aliupokea vibaya, kama mwanamume anayepewa mtoto mchanga.

"Sijui hata kuupika," akasema. "Ile mingine mbwa ndiye aliyekula."

Nilimwambia: tangawizi, kitunguu saumu, siki kidogo, moto mdogo, na asiwe na haraka. Aliyarudia kwa sauti moja moja. Halafu akauweka mguu begani, na kwa mkono uliobaki akafungua ndoano ya mnyororo. Ukaanguka juu ya jiwe.

"Kama unataka kuuona msitu wako," akamwambia Papa, "leo pita."

Papa aliutazama msitu. Majani ya mikwaju—hapana, sisi tuliiita hivyo tu, ni miti ya hapa—yalikuwa yamegeuka rangi yote. Alitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba amechoka kusimama.

"Merci, monsieur. Kuona, naona toka hapa."

Bwana yule alingoja kidogo. Kisha akauokota mnyororo, akaufunga tena, akachukua msumeno wake, akaondoka na mguu begani, mbwa anaruka nyuma yake. Papa akavaa kofia.

Nilitaka kusema kitu kibaya kuhusu mnyororo. Aliniwahi.

"Ni yake," akasema.

Kabla ya kuingia barabara kuu aliniomba nisimame kwenye kibanda cha viazi vya kukaanga. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, na nilimwambia. Alisema anajua. Nilinunua pakiti moja, tukakaa ndani ya gari, vioo vikajaa ukungu. Alivihesabu kwa macho, akachukua kadhaa na uma mdogo wa mbao, akavila polepole. Vilivyobaki, vingi kuliko alivyokula, akanisogezea.

"Hii njo ya mwenye gari," akasema.

Nikala.